Siku Niliyomfundisha Mama Mkwe Nusu na Robo

Aibu mimi nimezipata za kila aina, mnanijua. Nimewahi kuongoza gwaride la asubuhi zipu ikiwa wazi, nimewahi kusimama mazishini nikamlilia marehemu kwa jina la ndugu yake aliye hai, naye ndugu ameketi mstari wa mbele ananitazama. Lakini hizo zote ni mzaha nikizilinganisha na semina ile ya karibu na Mosocho, ambapo nilimshika mkono mama mkwe wangu, nikamchezesha mbele ya walimu wapatao sitini na kumuuliza kama ubongo wake ameusahau kwenye majani chai, na hayo yote niliyafanya nikiwa sijanywa chochote isipokuwa chai ya mapumziko.

Kwa wale ambao hamtoki kwetu, hebu niwaeleze kidogo ndipo mjue ukubwa wa msiba. Kwetu Gusii kuna kitu tunakiita chinsoni, ile heshima ya kuoneana haya, na hakuna mahali inapokaza kama kati ya mtu na mama mkwe wake. Hamshikani mikono, hamtaniani, hamketi pamoja, na jina lake hulitaji hata ukishikiwa panga. (Vijana wa siku hizi wanasema hayo yamepitwa na wakati, na wanasema hivyo mpaka siku wanapokutana na mama mkwe mlangoni, hapo utawaona wanavyotafuta ukuta wa kujibanza.)

Sasa wiki ile ya semina ilikuwa ndiyo wiki yangu. Jumapili yake nilikuwa niende Nyamache na wazee wangu kujitambulisha kwa kina Moraa, nesi ambaye nilikuwa nimemfuata miaka mitatu, na baba yake alikuwa amefariki zamani, kwa hivyo neno la mwisho lilikuwa la mama. Moraa alikuwa ameniambia wazi, bila kunizungusha: "Mama akikataa, mimi siwezi kumpita." Nikamwambia asijali, mimi na wazazi tunaelewana, hakuna mama ambaye sijamchekesha.

Mama mwenyewe nilikuwa sijawahi kumwona. Nilijua ni mwalimu na kwamba anakaribia kustaafu, basi. Jina lake sikuwahi kuuliza, kwa sababu jina usiloruhusiwa kulitaja unaliulizia la nini? Kwangu alikuwa Mama Moraa tu, na niliona hiyo inatosha.

Semina ilianza Jumatatu, mambo ya mtaala mpya, mnazijua zilivyo. Unapewa kipande cha karatasi ubandike kifuani, uandike jina unalopenda kuitwa, na mimi kwa ule ujinga wangu nikaandika "Profesa". Tukagawanywa vikundi, na changu kilikuwa na rafiki yangu Otieno, mtu wa kule ziwani asiyezijua mila zetu, tunayefundisha naye upande wa Magwagwa, kikawa na Madam Bosibori, mama mmoja mzito wa maneno anayejua ukoo wa kila mtu, pamoja na mama mwingine mkimya mwenye miwani ya kuning'inia kwa kamba. Kifuani kwake kulikuwa na jina la Kikristo, ambalo hata leo siliandiki hapa, kwa hivyo mnivumilie nikimwita Madam wa Miwani.

Kila kikundi kilitakiwa kutoa mtu mmoja wa kufundisha somo la mfano siku ya Jumatano, wenzake wakijifanya watoto, na mtu mwingine wa kuandika ripoti. Ripoti na mimi ni paka na maji. Nikaona Bosibori ameanza kunitazama akiwa na kalamu mkononi, na hapo ndipo nilipofanya ule uamuzi mdogo ambao ungeniponza. Nikasema, "Somo niachieni mimi, nyinyi andikeni." Ilinichukua muda mfupi kuliko kupiga chafya.

Mwezeshaji, kijana mmoja mpole aliyetoka Nyamira mjini, akatuambia kila darasa la mfano lazima liwe na mtoto mmoja asiyeelewa haraka, ili tuone mwalimu anavyomsaidia. Akauliza ni nani atakuwa huyo mtoto. Watu wakainamisha vichwa, si mnajua walimu, hakuna anayetaka kuwa mjinga hata wa kuigiza. Madam wa Miwani akanyoosha mkono polepole akasema, "Mimi nitakuwa huyo."

Jumatano ikafika. Nilikuwa nimenunua ndizi mbivu za kufundishia sehemu, nusu na robo, gredi ya tatu, na nilivaa lile shati langu la maua. Nikaimbisha darasa, nikakata ndizi, nikapeana vipande, ukumbi ukachangamka. Kisha Madam wa Miwani akanyoosha mkono, sauti ameifanya nyembamba ya mtoto, akauliza, "Mwalimu, kama hii nusu ni kubwa na ile ingine ni ndogo, zote bado ni nusu?"

Sasa nikilifikiria lile swali naona lilikuwa swali zuri kuliko somo langu lote. Siku ile sikuliona. Nilimjibu haraka haraka, akasema hajaelewa, nikarudia, akasema bado hajaelewa, na mtu mmoja kule nyuma akacheka. Mimi nikisikia kicheko ni kama ng'ombe aliyeonyeshwa chumvi, sirudi nyuma. Nikaiga ile sauti yake nyembamba, "bado sijaelewa, mwalimu," nikakunja uso kama yeye, watu wakashika mbavu. Nikamuuliza, "Wewe ubongo wako umeusahau kwenye majani chai?" Ukumbi ukalipuka. Nikamshika mkono (jamani, huu mkono wangu wa kulia ninaotumia kula chakula), nikamtoa mbele, nikaambia darasa lipige makofi ili mwenzao acheze kichwa kiamke, nikamzungusha mara mbili, na kwa kumalizia nikamwambia, "Kesho usije bila mama yako, nataka nimuulize alikuwa anakulisha nini."

Otieno alicheka mpaka akatoka nje. Mwezeshaji peke yake hakucheka, aliandika kitu kwenye daftari lake, kisha akamwomba yule mtoto aseme amejifunza nini. Madam wa Miwani alisimama, akasema kwa ile ile sauti ya kitoto, "Nimejifunza nisiulize tena." Watu wakacheka na hilo pia, na aliyecheka zaidi ni mimi, nikidhani tunacheza pamoja.

Basi tukaenda kupanga foleni ya chakula, mimi kifua mbele, watu wananipiga bega, "Profesa, umetuua." Madam wa Miwani alikuwa mbele yangu hatua moja, ameshika sahani. Otieno naye, ambaye mdomo wake hauna kizibo, akaona ndiyo nafasi ya kunitania.

"Huyu mchekeni sasa," akasema. "Jumapili atakuwa ametulia kama kondoo. Anaenda kuonekana Nyamache."

Madam wa Miwani akageuka akitabasamu. "Nyamache ni kwetu. Unaenda kwa nani, mwanangu?"

"Kwa kina Moraa," nikasema, bado najisikia mtu. "Yule nesi. Mama yake pia ni mwalimu, pengine mnajuana."

Tabasamu lilikwenda taratibu, akaweka sahani mezani, akavuta leso yake mabegani, kisha akarudi nyuma. Hatua moja, mbili, tatu, macho ameyatupa pembeni. Sikuhitaji kuelezwa. Hakuna mama wa kwetu anayemrudia nyuma kijana hatua tatu bila sababu, na sababu ni moja tu. Bosibori akafunika mdomo kwa kiganja akasema, "Yaya," yaani hapana kwa lugha yetu, kwa sauti ya chini kabisa, na yule mpakuaji akabaki ameinua mwiko wa ugali hewani.

"Kwani kuna nini?" Otieno akauliza. "Kuna nyoka?"

Mimi nilikuwa naangalia mkono wangu wa kulia.

Nilitamani ardhi ipasuke, lakini ardhi ya Mosocho ni ngumu na semina ilikuwa bado na siku mbili. Siku mbili, ukumbi mmoja, mlango mmoja. Nikiwa natoka naye anaingia, nageuka kusoma matangazo ukutani, na nilisoma tangazo moja la kambi ya kwaya mpaka nikalijua kwa kichwa. Alhamisi jioni mwezeshaji akasema kila kikundi kifanye duara kishikane mikono, tuombe. Nikaona Bosibori amepata dharura ghafla na nafasi iliyobaki iko kando ya mama mkwe. Nikainama kufunga kamba za viatu, na viatu vyenyewe havikuwa na kamba. Niliinama hivyo hivyo mpaka amina, na maombi yaliongozwa na mzee wa kanisa asiyejua kufupisha.

Moraa sikumwambia. Alinipigia simu akauliza semina inaendeleaje, nikasema inaendelea vizuri, tunajifunza mengi. Miaka mitatu ya kumsubiri mtu, kisha unaiharibu kwa ndizi.

Ijumaa, tukisubiri vyeti, Bosibori akanivuta kando chini ya dirisha. Nikajua ametumwa, kwa sababu alisimama wima kama mtu anayesoma barua.

"Sikiliza, tata," akaniambia, na tata kwetu ni baba, ndivyo mama wa umri wake anavyomwita kijana anapotaka amsikie vizuri. "Mama anasema hana hasira na mkono. Hukujua, na yeye hakujua. Hiyo chinsoni itatengenezwa, Jumapili ubebe jogoo, wazee watamaliza hiyo maneno."

Nikashusha pumzi. Nilikuwa tayari kuanza kutabasamu.

"Ngoja, sijamaliza. Yule mtoto mama alikuwa anaigiza, ulimjua?"

"Ni mtoto tu wa somo, madam."

"Alikuwa Moraa. Moraa akiwa darasa la tatu alikuwa anauliza hivyo hivyo, polepole, mpaka kitu kiingie. Mwalimu mmoja akamcheka mbele ya wenzake, akaiga sauti yake, akamwambia alete mama. Mama akaenda. Msichana akakaa karibu mwaka mzima hafungui mdomo darasani, hata kuomba ruhusa ya kwenda choo." Bosibori akatazama kule mama mkwe alikokuwa ameketi, kisha akarudi kwangu. "Sasa mama anauliza. Siku ile Moraa hataelewa kitu huko kwako, utamwongelesha hivyo?"

Nikafungua mdomo. "Usinijibu mimi," akasema. "Jibu utabeba na jogoo."

Usiku ule na uliofuata sikuwa mtu wa maana. Nilijaribu kukumbuka watoto niliowahi kuwafanya wachekwe na wenzao, na ajabu ni kwamba vicheko nilivikumbuka vizuri sana ila nyuso za watoto wenyewe zilikuwa chache. Nilizoea kujiita mwalimu mcheshi. Nikaona haya, si ile ya kuchekwa, ni ile nyingine inayomkalia mtu kifuani akiwa peke yake.

Jumapili tukafika Nyamache. Wazee wangu wawili hawakujua lolote, walidhani jogoo ni ukarimu wangu. Tukaketishwa sebuleni, Moraa akatusalimia akaingia ndani, na mama akawa chumba cha pili na kina mama wenzake, pazia limeshushwa, ndivyo inavyotakiwa. Baada ya maombi mjomba wa Moraa akakohoa akasema, "Mama wa mtoto ana swali moja tu kwa huyu kijana, na anasema swali analijua."

Wazee wangu wakanigeukia. Nilikuwa nimeandaa jibu lenye methali mbili na kichekesho kimoja katikati, na vyote vikanitoka. Nikasimama nikasimulia kila kitu, ndizi, mkono, majani chai, mpaka mjomba wangu mkubwa, mmoja wa wale wazee wangu, akajifunika uso kwa kofia. Kisha nikasema, "Nimewacheka watoto wengi nikidhani ni ucheshi. Siwezi kuwadanganya kwamba nitaacha kwa siku moja. Lakini nikimwanzia Moraa, anikanye papo hapo, hata kama ni mbele ya watu, na nitanyamaza."

Nikamsikia Moraa huko nyuma ya pazia akipenga kamasi, na sikujua kama analia au ana mafua, maana naye hadithi hii ndiyo kwanza alikuwa anaisikia. Ndipo ikatoka sauti ya mama, haikuniambia mimi, ilimwambia shangazi aliyekuwa jikoni.

"Mpakulieni huyo mtu chakula. Ni mwalimu, atafundishika."

Wazee wakacheka, na mimi nikacheka nao kwa mara ya kwanza tangu Jumatano. Sasa ni mwaka wa pili tunaishi na Moraa, na mama mkwe tunaheshimiana kwa umbali unaofaa, yeye upande wake wa njia na mimi upande wangu. Sijasema nimepona kabisa. Wiki hii kuna msichana darasani kwangu aliyenyoosha mkono akaniambia hajaelewa, kwa mara ya nne, na wenzake wakanitazama wakingoja niseme kitu cha kuchekesha. Kilikuwa tayari kwenye ulimi, na kilikuwa kizuri kweli. Nikakimeza, nikavuta kiti karibu na dawati lake, nikamweleza mara ya tano.