Mshipa wa Bure

Kwetu Mtwara, mwenye haya haliiti busha, ule uvimbe wa korodani, kwa jina lake, husema "mshipa". Juzi, nikiwa kwenye foleni ya dirisha la hospitali, mama mmoja muuza chapati aliyekuwa mbele yangu aliuliza bei ya kutibu mshipa.

"Mwezi huu bure, mama," karani alijibu bila kuinua macho. "Mzee aje mwenyewe."

"Mzee gani, mwanangu? Mshipa ni wangu!"

Akapandisha kanga, mishipa ya miguu ilikuwa imejisokota kama mizizi ya mkorosho.

"Aa, hiyo! Soksi za kubana utanunua mwenyewe. Sindano au upasuaji, mpaka Dar es Salaam, kwa gharama yako. Na usisimame sana."

"Nikaange nimelala?" Akashusha kanga taratibu. "Kumbe bure si mshipa. Bure ni mwanamume."

Nami nipendaye kila kitu kiitwe kwa jina lake, sikuona la kusahihisha.