Tarishi wa Kasongo na hadithi aliyoikatiza huko Wamaza

Ukungu bado umelala juu ya barabara ya Kabambare. Vichwa vya michikichi vinaelea bila mashina. Bulaimu Lukumani anatokea ndani ya weupe huo, begi la barua begani, midomo ikicheza. Hasali, wala haimbi.

“Iko mupelelezi,” anaeleza, akicheka kidogo. “Amefika kwenye mulango. Mi nangoja aufungue.”

Bulaimu, mwenye umri wa miaka arobaini na mitatu, ni tarishi. Kwa miaka kumi na moja amebeba barua kwa miguu kati ya Kasongo na Kabambare, kilo kumi na mbili au zaidi, siku tatu kwenda na siku tatu kurudi. Kila mwaka humaliza jozi sita za viatu vya mpira wa gari. Mvua zikikaza, huvuka vijito begi likiwa kichwani.

Lakini katika vijiji vya njia hii, wengi hawana wa kuwaandikia barua. Wanamngojea kwa hadithi.

Kwao ni Waislamu wa mjini Kasongo, ila alisoma miaka mitano kwa mapadri. Grégoire, karani wa posta, humpa vitabu vya Kifaransa vilivyochakaa, vile vya kumweka msomaji roho juu. Bulaimu huvisoma akipumzika, kisha akitembea huvigeuza kuwa Kiswahili. Barabara ikiwa tupu, anasema, hufika mahali hajui kama yuko macho au anaota.

“Watu wanasema ni hadithi za woga tu, basi. Hapana,” anasema. “Iko ya upelelezi: mutu amekufa, hatujui nani amemuua. Iko ya majasusi, vijana wa Kasongo wanaipenda sana. Iko ya kukimbizana, ile haitaki maneno mengi, inataka pumzi. Iko ya mahakama, kule Kabambare wataisikiliza mpaka chakula kinapoa. Na iko moja ambayo wewe musikilizaji unajua hatari imejificha wapi. Anayeingia nyumbani ndiye hajui.”

Tofauti kati ya ile ya upelelezi na hii ya mwisho alifundishwa mwaka jana, 1955, huko Wamaza.

Jioni moja aliwasimulia watu wa hapo kisa cha tajiri aliyekufa mezani kwa sumu. Katika kitabu ilikuwa supu. Bulaimu akaifanya sombe, mboga ya majani ya muhogo, ili kila mtu aione kwa macho. Alipofika pale mpelelezi anaposema, “Muuaji yuko kati yetu,” akanyamaza. Watu wakaguna, wakamsihi. Yeye akaenda kulala akiwa na furaha, na asubuhi akashika njia ya Kabambare.

Aliporudi siku ya tano, Faida, mjane anayewauzia wapita njia wali na sombe, alikuwa amekaa peke yake mbele ya sufuria ambayo hakuna aliyeigusa.

“Mutoto wa jirani aliumwa tumbo,” Faida anasimulia. “Alikuwa amekula kwangu. Watu wakaanza kuangaliana, kisha wakaniangalia mimi. Nikapika sufuria nzima, nikaimwaga. Kesho yake nikapika nusu, nikaimwaga pia. Shemeji yangu akaniambia nifunge vitu vyangu kabla mganga wa kutafuta wachawi hajaitwa.”

“Mganga alikuwa aitwe lini?” mwandishi wa habari hii anauliza.

“Kesho ya siku ile Bulaimu alirudi.”

Hapo, anasema Bulaimu, ndipo alipoelewa kosa lake. Aliwaachia swali bila jibu, nao wakaenda kulitafutia jibu majumbani mwao.

Aliketi kwa Faida, akaomba sahani. Akala mbele ya watu wote, taratibu, akaomba ya pili. Walipokusanyika kumtazama kama ataanguka, akaianza hadithi upya. Safari hii hakuficha kitu. Mwanzoni kabisa alimtaja muuaji: ndugu wa tajiri, mwenye tamaa ya urithi. Kisha akamfuata mpishi wa nyumba ile, mwanamke asiye na kosa, akiosha vyungu huku wanaume wanakuja kumkamata.

“Wakaanza kupiga kelele,” anakumbuka. “‘Mumwache! Si yeye!’ Mi nikaendelea, polepole. Sikuwapa nafasi ya kutoroka.”

Mpishi alipofungwa kamba mikononi, watu wakageuka kumtazama Faida. Shemeji wa Faida alikuwa anatazama chini. Mwanamke aitwaye Binti, mama wa yule mtoto aliyeumwa, aliondoka katikati ya hadithi. Watu walidhani amekasirika. Alirudi na bakuli, akaliweka mbele ya Faida, akasema, “Nipakulie, mama. Mutoto alikula maembe mabichi, alikuwa ananificha.”

Mganga hakuitwa. Lakini hadi leo kuna nyumba moja isiyonunua kwa Faida, naye hajamsafishia Bulaimu moyo wote.

“Alinisaidia, ndiyo,” anasema, akikoroga sufuria. “Lakini ni yeye alianza.”

“Ni kweli, mama,” Bulaimu anajibu, macho chini.

Tangu siku hiyo hakatizi tena hadithi ya upelelezi njiani. Akikosa muda wa kuimaliza, haianzi.

Sasa ana mpango wake. Magoti yameanza kuuma, na hadhani kama atatembea miaka mingine kumi. Anataka kuandika kitabu chake mwenyewe, kwa Kiswahili, cha kumweka mtu roho juu bila maiti hata moja ndani yake. Amenunua daftari la shule, analihifadhi ndani ya kitambaa cha mpira lisilowe. Kwa miezi mitatu ameandika sentensi moja tu, na hana haraka.

Analifungua, anaisoma kwa sauti ya chini:

“Mtu mmoja aliyeishi peke yake alikuwa anarudi kutoka safari ndefu, akaona moshi unatoka kwenye paa la nyumba yake.”