Mkono Mfukoni

Fundi cherehani mmoja mstaafu wa mtaani kwetu alikuwa na ng'ombe watatu nyuma ya nyumba, na alitaka aitwe Mfugaji. Ukimwita fundi, haitiki. Jina lenyewe ni la heshima, sina ugomvi nalo. Lakini mfugaji ni mtu anayetunza, si mwenye mifugo tu, na hawezi kutunza asiyekubali kwamba kuna asilolijua.

Asubuhi moja ng'ombe wake mwekundu alikataa maji. Udenda ulimchuruzika, akawa analia kwa sauti iliyokauka. Mfugaji akaamua kwamba amekabwa na kiazi. Shemeji yake akashika kamba. Yeye akakunja mkono wa shati, akazamisha mkono kooni mwa ng'ombe hadi kiwiko. Hakukuta kitu. Aliutoa ukiwa na mikwaruzo ya meno vidoleni.

Jioni daktari wa mifugo alifika, akaishia mlangoni mwa zizi. Ng'ombe alikuwa anapiga kichwa ukutani.

"Huyu hajawahi kuumwa na mbwa?"

"Kuna mbwa mpita njia alimng'ata mguu, kidogo tu. Zamani kidogo," Mfugaji alijibu.

"Basi hiki ni kichaa cha mbwa. Nani ametia mkono mdomoni mwake?"

Mfugaji alirudi nyuma hatua moja. Mkono wake ulikuwa mfukoni mwa koti.

"Sisi wafugaji hatufanyi ujinga huo," alisema.

Shemeji, ambaye siku zote huishinda redio kwa maneno, alitazama viatu vyake. "Mimi nilishika kamba tu," akanong'ona.

Mke wa Mfugaji, aliyesimama nyuma yao, akamgeukia mumewe. "Baba watoto, toa mkono."

"Watu watanionaje?"

"Watakuona mzima! Au unataka wakusifu kaburini, marehemu alikuwa mfugaji hodari?"

Akautoa. Daktari alimkokota hadi bombani, akamsugua kwa sabuni, maji yakitiririka, akasugua tena. "Dalili zikishaanza, hakuna dawa. Hospitali, sasa hivi. Na wewe wa kamba, huenda udenda ulikurukia. Nawa, twende."

"Mimi tena?" Shemeji aliuliza, lakini alikuwa wa kwanza kufika getini.

Hospitalini Mfugaji aliketishwa kwanza. Muuguzi aliuliza umri, akauliza kazi.

Umri aliutaja. Mkewe alimtazama.

"Fundi cherehani," alisema.

Sindano ya kwanza iliingia akiwa amefumba macho, na mkewe ameushika ule mkono.