Ndevu za Mtakatifu Yosefu

Brigid Mideva alifanya kazi miaka ishirini na sita katika kiwanda cha nguo mjini Eldoret, na alipostaafu alitoka na imani moja ambayo haikuwa kwenye katekisimu: hakuna uchafu usiotoka. Imani hiyo akaihamishia kanisani. Vitambaa vya altare alivifua yeye, kanzu za watumishi wa misa alizipiga pasi yeye, na aliyewahi kuingia sakristia na gumboots za matope akamkuta Brigid ndani, hakurudia.

Kanisa lenyewe ni la Mtakatifu Yosefu, kando ya barabara ya kwenda Turbo, kati ya ghala la mahindi na mahali pa kupasulia mbao. Waliolianzisha walikuwa vibarua kutoka magharibi na wenye maduka kutoka Kenya ya kati, watu ambao siku za kazi walikuwa wakinunuliana na kuuziana, na Jumapili wakabanana kwenye benchi moja. Sasa parokia ilikuwa inatimiza miaka hamsini. Askofu alikuwa anakuja tarehe kumi na tisa Machi, sikukuu ya Yosefu mwenyewe, na kila kikundi kilikuwa kimepewa kazi. Kwaya ilipewa nyimbo. Vijana walipewa hema na viti. Brigid hakungoja kupewa. Alitazama juu kwenye shubaka la ukutani, mahali sanamu ya Yosefu ilipokaa miaka yote ikipanguswa vumbi kwa ufagio mrefu, akaamua kwamba mtakatifu huyo ataoga.

Jumatano asubuhi aliazima ngazi kwa mpasua mbao, akapanda na ndoo ya maji ya vuguvugu, sabuni ya kipande na kitambaa. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona Yosefu uso kwa uso. Alimkuta ni kijana kuliko alivyodhani. Alianza na Mtoto Yesu aliyekuwa mkononi, akaendelea na ua la yungiyungi, akashuka hadi kwenye ile kamba ya kiunoni yenye mafundo matatu, ambayo siku zote aliwafundisha watoto wa komunyo ya kwanza kwamba seremala alikuwa akifungia mbao. Kisha akapanda usoni. Alisugua shavu la kulia mara mbili, mara ya tatu akasikia kitu kimelegea. Ndevu zilibanduka zote kwa pamoja, kama ganda la kiazi kilichoiva, zikabaki kwenye kitambaa.

Brigid alishika ngazi kwa mikono miwili. Chini ya zile ndevu palikuwa na kidevu laini, cheupe, kisichowahi kuota kitu. Wazo la kwanza lililomjia ni kwamba amemnyoa mume wa Bikira Maria wiki mbili kabla ya askofu kufika. Wazo la pili ni kwamba hakuna aliyeona.

Alijaribu kuzirudisha kwa gundi ya vitabu vya nyimbo, zikavunjika vipande. Akaenda sakristia, akachukua rangi nyeusi ya viatu, akapanda tena na kuanza kuchora. Upande wa kushoto ulitoka vizuri. Wa kulia ulitoka mfupi, akauongeza, ukazidi, akauongeza wa kushoto. Alipokuwa akisawazisha hivyo, aliingia Padri Kituyi, kijana wa Kimilili aliyekuwa na miezi mitatu tu katika parokia. Alisimama katikati ya kanisa akaangalia juu kwa muda.

"Mama Brigid," akasema, "huyo si Yosefu."

Brigid alidhani anaambiwa kwamba amemharibu kiasi cha kutotambulika, akaanza kulia palepale juu ya ngazi. Padri alimsihi ashuke, akamkalisha kwenye benchi la mbele na kumweleza polepole. Kanzu ile ya kahawia ni ya watawa Wafransisko. Kamba yenye mafundo matatu ni yao pia. Kichwa kilichonyolewa katikati, ambacho waumini walisema ni upara wa mawazo ya kulea Mtoto wa Mungu, ni mtindo wa watawa wa zamani. Huyo alikuwa Antoni wa Padua, na mtu fulani alikuwa amempaka ndevu.

Brigid akaanza kukumbuka, na kadiri alivyokumbuka ndivyo machozi yalivyokauka. Alimweleza padri kwamba Yosefu wa hapa amekuwa na tabia yake siku zote. Ukimwomba kazi, anachelewa. Yeye mwenyewe aliwahi kumwomba apandishwe cheo kiwandani, novena baada ya novena, na alistaafu palepale alipoanzia. Lakini ukipoteza kitu, hamalizi siku mbili. Kitambulisho chake kilipatikana ndani ya gunia la maharagwe. Ng'ombe wa Walubengo alirudi mwenyewe kutoka kule mjini Plateau. Watu walikuwa wakija hadi kutoka parokia nyingine.

Padri Kituyi alicheka mpaka akavua miwani. Akamwambia kwamba Antoni ndiye anayeombwa kwa vitu vilivyopotea, dunia nzima. Brigid hakucheka. Alitaka kujua jambo moja tu: maombi ya miaka hamsini yaliyotumwa kwa Yosefu yalikwenda wapi?

"Sanamu haisikii, Mama," padri akasema. "Wanaosikia wako kwa Mungu, na huko hawagombanii barua. Aliyemwandikia Yosefu alimpata Yosefu. Na kama Antoni alipitia moja mbili akiwa hapo karibu, sidhani Yosefu alikasirika."

Jibu hilo lilimtosha Brigid kwa upande wa mbinguni. Kwa upande wa duniani, alitaka kumjua mwenye brashi.

Haikuwa vigumu. Katika waasisi, aliyebaki ni Mzee Macharia, aliyekuwa na duka la rangi na misumari kabla ya kuhamia Burnt Forest kwa mwanawe. Brigid alimpigia simu akamwambia anaandika historia ya parokia na amefika mahali pa sanamu. Mzee akauliza kama zimebanduka.

Jumamosi alikuja mwenyewe, amevaa koti na tai, akakaa mbele ya padri na Brigid akasema yote. Mwaka wa sabini na nne alitumwa Nairobi kuleta Yosefu. Duka la vitu vya kanisa halikuwa naye, na alikuwa ameahidi watu kwamba hatarudi bila mtakatifu. Alimwona huyu, ana mtoto, ana ua, akaona kilichopungua ni ndevu tu, na ndevu alikuwa nazo dukani, kwenye kopo. Yule padri mzungu wa wakati ule aliitazama sanamu muda mrefu, akamtazama Macharia, akaibariki.

"Niliungama dhambi zote kila Kwaresima isipokuwa hiyo moja," mzee akasema. "Halafu mwaka ule wa vita vya baada ya uchaguzi tukalala hapa kanisani, watu mia tatu, na mtoto wa Nduta akapotea kwa msongamano. Mama yake alimlilia Yosefu mbele ya hiyo sanamu, na mtoto akapatikana amelala nyuma ya altare. Nikasema, sasa nikifungua mdomo nitamnyang'anya huyu mama kitu gani?"

Brigid alikuwa hapo usiku ule. Yeye ndiye aliyemfunika mtoto kwa kitambaa cha altare. Alimsogezea mzee kikombe cha chai.

Baraza la parokia liligombana siku mbili. Wengine walitaka ndevu mpya, za rangi ya mafuta safari hii. Mwishowe wakakubaliana kwamba Antoni ataitwa Antoni na kubaki, na mpasua mbao Wabuge achonge Yosefu kwa mti wa mvule. Wabuge alichonga siku saba bila kupumzika. Yosefu wake alikuwa mfupi, kifua kipana, na anafanana kabisa na mjomba wa Wabuge wa Kimilili, ila hakuna aliyeweza kusema si seremala.

Siku ya jubilei padri aliwaeleza waumini kila kitu, na kanisa zima likacheka, askofu akiwemo. Mzee Macharia alisimama akaomba msamaha. Nduta naye akasimama kwenye benchi la akina mama, akasema yeye hana la kusamehe, akakaa.

Baada ya misa Brigid alijaza sahani tatu za wali na mukimo wa viazi vilivyopondwa, akazipeleka kwenye meza ya pembeni. Wakala yeye, Nduta na Macharia, wakizungumza habari za bei ya viazi Burnt Forest, hadi mvua ya kwanza ya Machi ilipoanza kupiga hema.