Shangazi zangu walivyosugua Pijo ya mkwe kwa majivu, Arua miaka ya sabini

Wakuu, heshima kwenu wote.

Nimeona uzi wa kijana anayelilia scratches za gari yake, nikacheka mpaka mjukuu akaniuliza, "Babu, vipi?" Ngoja niwape yangu. Chumvi sitii, na mashahidi wengine bado wako hai pale Arua, Uganda.

Ilikuwa katikati ya miaka ya sabini. Nilikuwa fundi wa kupiga rangi magari, damu inachemka, na moyo wangu wote uko mji jirani wa Koboko kwa binti mmoja anaitwa Mariam.

Baba yake Mariam alishafariki. Mwenye kauli alikuwa baba yake mdogo, Mzee Rajab, mfanyabiashara, mkali kama pilipili. Alikuwa na Pijo 404 ya buluu iliyokolea. Aisee, ile gari aliipenda!

Nilipopeleka posa, aliniangalia toka juu mpaka chini.

"Wewe unasema iko fundi ya rangi. Sawa. Chukua gari yangu, lete yenye kung'aa. Kama iko mzuri, Ijumaa tunafunga ndoa. Ukiharibu, Mariam unasahau."

Basi nikaiendesha mpaka Arua naimba peke yangu. Vumbi jekundu limeivaa gari yote, mimi sijali.

Nikaipaki uani kwetu, nikawaambia shangazi zangu, "Hii ndiyo gari ya harusi!" Nikaenda zangu msikitini kuswali alasiri.

Narudi, nasikia vigelegele toka barabarani. Nikajua wameshaanza kusherehekea.

Wakuu! Shangazi Hadija na wenzake wamefunga khanga viunoni, bangili zimejaa mikononi, wanasugua Pijo ya watu kwa majivu na mchanga laini!

Niwaeleze wasiotujua. Kwetu Wanubi, sufuria ya mwanamke ndiyo sifa yake. Inasuguliwa kwa majivu na mchanga mpaka unajiona uso. Sasa wao wameona chuma, wameona uchafu, na bibi harusi anakuja. Unategemea nini?

"Shangazi, mnafanya nini?!"

"Gari iko chafu sana, mtoto yangu. Tunatoa aibu."

Nikaimwagia maji. Buluu imekuwa ukungu mtupu, na boneti kama imepigana na paka.

Niliketi chini, wakuu. Machozi yalinilenga, sifichi. Shangazi Hadija alipoelewa, akajipiga mapaja. "Mimi naharibu ndoa yako! Mimi!" Ndiye aliyelia, mimi nikabaki kumbembeleza.

Na mjue miaka ile vitu vilikuwa vya magendo. Hata sabuni ilikuwa ya kutafuta. Rangi ile ya buluu haikuwepo mjini, na compound, ile dawa ya kusugulia rangi, ilikuwa hadithi tu.

Nikanyanyuka, nikapitisha ukucha.

Wenye magari shikeni hapa. Ukucha ukiteleza, mkwaruzo uko juu juu, unasuguliwa unaisha. Ukucha ukinasa, umekula ndani, hapo polish haisaidii, ni rangi tu.

Karibu kote ukucha uliteleza! Niliruka kama mwehu. Isipokuwa mkwaruzo mmoja, mlango wa nyuma, bangili ilikuwa imechimba mpaka chuma.

Sasa polish nitoe wapi? Hapo nikamkumbuka jirani yetu, Babu Juma, mstaafu wa jeshi. Arua yetu, kila nyumba ya Wanubi ina askari mzee, na kila askari mzee ana kopo la dawa ya kung'arishia vifungo na bizimu ya mkanda, hata kama sare alishavua zamani. Ile dawa inasugua shaba taratibu bila kuichuna. Kwa nini isisugue rangi?

"Babu, nipe dawa ya vifungo!"

Nilipomweleza, alisimama wima, akaenda kuwaita wenzake.

Asubuhi wakaja na makopo yao na vitambaa vya flana. Kwanza tuliosha mchanga wote utoke, gari ikiwa kivulini. Kisha kidogo kidogo, duara ndogo ndogo. Wazee wanakaguana kama wako gwaride.

"Juma, hapa iko ukungu! Rudia!"

"Macho yako ndiyo iko na ukungu!"

Shangazi wakaleta maji, chai, na nta ya nyuki iliyolainishwa kwa mafuta ya taa kidogo, ya kupaka mwisho. Buluu ikaanza kurudi! Nilipiga kelele mpaka majirani wakatoka.

Mzee Rajab hakuweza kusubiri. Alidandia lori toka Koboko, akatukuta tunamalizia.

Akazunguka gari. Akajiona kwenye boneti, akarekebisha kofia. Akafika mlango wa nyuma, akasimama.

"Hii nini?"

"Mzee, huo umefika chuma. Rangi yake Arua haipo. Nikipaka nyingine nitakuwa nakudanganya."

"Nani alikwaruza?"

Shangazi Hadija akatoka mbele.

"Mimi. Naosha na majivu. Kijana hana kosa. Kama iko mutu ya kunyimwa, nyima mimi."

Babu Juma naye akasogea na kitambaa chake, akasimama kando yangu. Wazee wengine wakafuata bila kuitwa, vidole vyeusi kwa ile dawa.

Mzee Rajab akatuangalia mmoja mmoja.

"Mariam hana baba," alisema polepole. "Kila siku mimi najiuliza, siku ya taabu, nani atasimama na mtoto yangu." Akapitisha kidole kwenye ule mkwaruzo. "Sasa mimi naona. Ijumaa usichelewe."

Vigelegele vilivyopigwa hapo, acha tu!

Ule mkwaruzo Mzee Rajab hakuruhusu uguswe mpaka siku alipouza gari.

Somo langu, vijana: osha mchanga kabla ya kusugua, pima kwa ukucha, na ukienda kuoa usiwafiche ndugu zako, hata kama wamekuharibia.

Haya, nani mwingine humu kaharibiwa kitu kwa upendo? Mwageni hapa chini, mzee nina miwani na muda.