Mushipa ya Muguu ya Ngombe

"Apana mama, hakuna mutu ataikula. Ni ya kuangalia tu."

"Ya kuangalia! Baba yako hajaonja nyama tangu ugonjwa umulaze pale, na we unataka ya kuangalia?"

Tulikuwa mu jikoni, kwetu Cibitoke. Mama alikuwa amenunua muguu ya ngombe apikie baba supu. Mi niliomba kipande ya mushipa tu, ile nyeupe ngumu inashikisha nyama ku mufupa, urefu wa kidole. Mbichi.

Nilikuwa nafanya kazi mu labo. Nafagia, naosha vioo, natayarisha eshantiyo, ni kusema ile kitu kidogo tunaweka chini ya mikroskopi. Mikroskopi yenyewe ilikuwa ya laser. Mwanga yake jicho haiioni, lakini ikipita mu kitu yenye nyuzi zimepangwa vizuri, inatoka kijani. Ilitufikia bila eshantiyo hata moja ya kuijaribu, na za kununua ni bei kali sana. Kila siku tunajaribu kitu ingine, tunaona giza tu. Shefu wa labo akasema imekufa, wenye kuiuzisha wakuje waichukue. Mi nilikuwa nimesoma kwamba mushipa ya nyama inatosha. Akanipa siku moja. Mashini ikirudishwa, na mi kazi imeisha, na kwetu hakuna mwingine anafanya kazi.

Mama alinuna, halafu akasema, "Haya. Asubuhi nitakufungia."

Alinifungia kweli, mu jani ya ndizi.

Mu labo nilikata kipande chembamba. Kilikuwa laini kidogo, nikafikiri ni joto ya njia. Nikaweka kioo juu, nikawasha. Giza. Nikaongeza nguvu ya laser. Giza. Nikakata ingine. Nikafinya sana, hata nikapasua kioo.

Shefu akainama, akaangalia, akacheka.

"We mutoto, hata ngombe yako imekataa."

"Shefu, ngoja kidogo tu."

"Ningoje nini? Supu? Gari inakuja kesho saa ine." Akaanza kutafuta misumari ya kufunga sanduku ya mashini.

Nilirudi kwetu kwa muguu. Mama hakuniuliza hata habari, aliona uso.

"Shefu hakupenda? Na niliichemusha vizuri kabisa."

"Uliichemusha?"

"Sasa! Mwana wangu atoke hapa na nyama mbichi mu mukono, apeleke kwa shefu? Waseme mu hii nyumba hatuna adabu?"

Hapo nikaelewa. Maji ya moto inayeyusha zile nyuzi, zinakuwa kama gundi, hakuna mupango tena. Mashini haikuwa imekufa. Kilichokufa ni kile kipande.

Halafu nikapiga kelele. Nilimwambia mama mambo sitaandika hapa. Baba akasikia, akaita kutoka kitandani, "Muache mama yako. Na we mama yake, mupe sahani yangu, aipeleke."

Sahani yake ilikuwa bado imejaa. Nyama yote imepikwa. Mama alikuwa amekaa chini, amefunika uso na kitenge, na mi sikujua kuomba samahani.

Nilijilaza na nguo za kazi. Nikaamua: kesho natoka kabla mama awashe moto, naenda kwa wachinjaji wakiwa bado wanapasua miguu, naomba ile mushipa wanatupia mbwa. Sitaipitisha nyumbani. Naipeleka vile iko, na damu yake, na kama sanduku imefungwa, naondoa misumari mi mwenyewe.