Wimbo wa Ezéchiel katika Diski ya Tatu

Tharcisse anauza filamu na nyimbo hapa Kolwezi, jirani na meza yangu ya maandazi. Wachimbaji wanamletea simu, anawajazia. Seva yake ni kompyuta kuukuu yenye diski nne, ameziunganisha zionekane kama ghala moja. Filamu za kwenye folda ya wote zinaandikwa mara mbili, katika diski mbili tofauti, maana umeme wetu hauna adabu. Diski moja ikifa, nyingine inabaki na nakala.

Ezéchiel, mtoto wa Mama Mbombo, alipofukiwa na kifusi shimoni mgodini, simu yake ilifukiwa naye. Kilichobaki ni video aliyokuwa amemwachia Tharcisse, akiimba peke yake mbele ya kwaya. Kwao sauti ya marehemu haisikilizwi kabla ya kumaliza matanga.

"Tata Tharcisse, iweke mbali," mama alimwambia. "Mi nitaiona ile siku."

Naye akaiheshimu kupita kiasi. Hakutaka mlevi fulani anayetafuta muziki aikute na kuichezesha. Akaihamishia kwenye folda ya peke yake, ndani ya diski ya tatu, asikumbuke kwamba huko hakuna kinachoandikwa mara mbili. Umeme ukakatika, ukarudi kwa nguvu. Diski ya tatu ikakwaruza kidogo, ikanyamaza. Filamu za ngumi zote ziko salama mpaka leo, na hilo linaniudhi kila nikiliwaza.

Siku ya kumaliza matanga Mama Mbombo alikuja amevua nguo nyeusi, amefunga kitenge kipya. Tharcisse akamwambia ukweli huku analia. Mama alikuwa anatazama skrini.

"Lakini mutoto wangu iko pale."

Alikuwepo kweli. Majina ya video na picha zake ndogondogo hukaa katika diski nyingine, ambayo haikuguswa. Ezéchiel alionekana amefumbua kinywa, tayari kuanza. Tharcisse akabonyeza ile picha ili mama ajionee. Duara la kusubiri likazunguka, likazunguka, likakoma.

"Ni picha tu, mama. Wimbo haiko. Nitaifuta, isikuumize roho."

"Usiifute, tata. Bonyeza tena."

Nilitaka kwenda kumshika mkono nimrudishe nyumbani, nikabaki pale mezani kwangu. Tharcisse akabonyeza. Mama Mbombo alikuwa ameinama, sikio lake karibu na spika, anangoja mwanawe aanze kuimba.